Paulo Akaanza Kula

Somo la wiki: Matendo ya Mitume 27:21–44

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii someni habari ya merikebu ya Aleksandria iliyokuwa ikimpeleka Paulo Rumi. Msiende haraka, maana Luka, aliyekuwamo humo, anataja mpaka kina cha maji: pima 20, kisha 15, ndipo wakashusha nanga 4 upande wa tezi, yaani nyuma ya merikebu. Chomboni walikuwamo watu 276. Kwa ajili ya tufani, jua na nyota havikuonekana siku nyingi, na tumaini la kuokoka lilikuwa limekatika.

Usiku malaika akasimama karibu na Paulo, akamwambia kwamba Mungu amempa wote wanaosafiri pamoja naye. Paulo akaliamini neno hilo, akalitangaza mbele ya wote: merikebu itapotea, watu watapona.

Sasa mwangalieni mtu huyu aliyekwisha kupewa ahadi. Mabaharia walipojaribu kutoroka na mashua, wakisingizia kwenda kushusha nanga za omo, yaani za mbele, Paulo alimwambia akida na askari kwamba hao wasipobaki chomboni, ninyi hamtaokoka. Maneno mazito! Malaika ameshasema wote watapona, na bado Paulo anawataka mabaharia wabaki, kwani ndio wanaokijua chombo. Askari wakazikata kamba za mashua. Kulipokaribia kupambazuka Paulo akawasihi wote wale chakula, maana ilikuwa siku ya 14 hawajala kitu. Akatwaa mkate, akamshukuru Mungu, akaumega, akaanza kula yeye mwenyewe. Mbele yao kulikuwa na kuogelea, na mwili wenye njaa hauogelei mbali.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Wapo ndugu zetu waliopokea neno la uponyaji wakaacha dawa za kisukari, za presha, wengine ARV za virusi vya UKIMWI, wakidhani kumeza kidonge ni kumkana Mungu. Anayeacha ARV, virusi huongezeka tena mwilini, hata kama kipimo cha mwisho hakikuviona. Paulo hakuona kwamba mkate unamdharau malaika. Kinywa kilichoshukuru ndicho kilichotafuna. Na ni Paulo huyu huyu aliyemwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Hakumwambia kwamba imani yake imepungua.

Tuombeane uponyaji, tena kwa bidii. Lakini mtu asimwambie mgonjwa aache dawa ili athibitishe kwamba ameamini. Neno hilo halimo katika sura hii.

Kama unasoma haya na dawa zako umeziweka kabatini tangu siku ya maombi, nakusihi urudi kliniki kabla ya Jumapili, ukawaeleze kweli siku ulizoruka. Ukiona vigumu kwenda peke yako, mwambie mzee wa kanisa au mama mchungaji, utasindikizwa. Na Jumatano njoo kwenye maombi kama kawaida.