Hold the Dark: mtutu wa darini

Walioiponda Hold the Dark (Netflix, 2018) wanasema haieleweki. Sawa, hata mimi mwisho wake umeniacha na maswali. Lakini mle katikati kuna tukio ambalo sijalipata kwenye sinema nyingine ya mauaji, na ndilo linalonifanya niitetee.

Kwa kifupi: kijiji cha kubuni huko Alaska, Keelut, kimepoteza watoto watatu. Inasemekana wamechukuliwa na mbwa mwitu. Mama mmoja, Medora, anamwandikia Russell Core (Jeffrey Wright), mwandishi anayewafahamu wanyama hao, aje amuue aliyemla mwanawe. Core anawakuta porini wakitafuna kitoto chao wenyewe, anashusha bunduki bila kufyatua. Akirudi, Medora hayupo, na maiti ya mtoto iko chini ya nyumba. Kanyongwa. Baba yake, Vernon, anarejea kutoka vitani Iraq na kuanza kuua watu.

Sasa Cheeon (Julian Black Antelope). Ni rafiki wa Vernon, na yeye pia kapoteza mtoto. Polisi wamejaa nje kwake. Marium, ofisa wao, anakwenda mlangoni peke yake, wanaongea taratibu kama majirani. Cheeon hana papara. Anachomwambia ni kwamba watoto wao walipopotea hakuna aliyekuja. Leo wameuawa polisi, magari yamepangana. Kisha anafunga mlango, anapanda darini, na dirisha likifunguka unaona mtutu wa rashasha. Askari wanadondoka mmoja mmoja kwenye theluji, magari yanatobolewa kama chujio, na mkurugenzi Jeremy Saulnier hana haraka ya kukuokoa. Nilisimamisha video nikanywa maji.

Hasira ile ina sababu, na haihitaji mzimu wala barakoa ya mbwa mwitu. Ndiyo maana nusu ya mwisho, Vernon akivaa hiyo barakoa, kwangu inapwaya. Na siri ya undugu wa Vernon na Medora, ambayo riwaya ya William Giraldi inaitaja waziwazi, humu inadokezwa tu. Ukipepesa macho imekupita.

Theluji yenyewe ni ya Alberta, Kanada, walikopigia picha. Giza ni la kweli pia, kwa hiyo usiiangalie kwenye simu ukiwa ndani ya daladala saa saba mchana. Utaishia kujiona sura yako kwenye kioo.