Siku moja maishani mwangu: fundi wa maabara, kome wa bahari kuu na mteja mmoja

Saa moja asubuhi nipo maabara, nafungua gesi ya heliamu, nakagua mashine inayopima kaboni na nitrojeni za nyama ili tujue mnyama alikula nini, natoa kome waliokuwa wanakaushwa kwa baridi. Saa mbili nasaga. Saa tatu naugawa unga mara mbili, nusu moja naidondoshea asidi nyepesi iondoe chembe za gamba (gamba huchukua kaboni yake zaidi kwenye maji, likibaki linaharibu jibu), nusu nyingine siigusi kwa asidi maana inachezea nitrojeni.

Nikisema nafanya kazi na viumbe wa bahari kuu watu wanadhani napanda nyambizi. Wapi! Mimi naona matamvua (viungo vya kupumulia) yaliyokauka, basi.

Saa nne ndo mizani. Nusu miligramu ya unga, kikombe kidogo sana cha bati, unakikunja kwa vibano viwili mpaka kiwe kidonge, na umeme tuli unakurushia unga pembeni huku umebana pumzi, ukiacha hata ncha imechomoza kinakwama kwenye trei usiku na foleni nzima inasimama. Shingo inauma, macho yanatoa machozi, na hapo ndo simu inaita.

Mtafiti mmoja, katuma chupa zake juzi, kaandika majina kwa kalamu ya wino kisha kajaza spiriti, wino wote umeyeyuka. Anataka majibu leo. "Dada, si unaweka tu kwenye mashine? We chagua zinazofanana." Zinazofanana! Namwambia kaka, tamvua na mguu wa kome mmoja vinaweza kutofautiana, bakteria wanaokula gesi ya methani wanaishi kwenye tamvua, sasa nikichanganya utasoma nini? Anasema yeye anajua tayari kome wake wanakula methani, anataka namba tu ya kuweka kwenye ripoti. Nikavuta pumzi nikaanza upya: methani ya vijidudu ina kaboni-13 (kaboni nzito) kidogo sana ukilinganisha na kipimo cha kimataifa, mara nyingi chini ya -60 kwa elfu, chakula kinachotoka kwa mimea midogo ya juu baharini kiko kwenye -20 hivi, sasa ukipata -35 utasemaje, kala methani kidogo au ana bakteria wanaotumia salfa badala ya methani? Namba moja haitoshi, inabidi na mafuta yapimwe. Kimya. Halafu: "Kwa hiyo saa kumi nipige?"

Chai ilishapoa. Chakula cha mchana sikumbuki nilikula saa ngapi, nakumbuka vidonge, vidonge, sampuli ya kulinganishia, vidonge tena.

Giza limeingia trei ikawa tayari. Kidonge cha kwanza kinadondoka kwenye tanuri la nyuzi 1000 hivi, bati linawaka, nyama inakuwa kaboni dioksidi, heliamu inaisukuma. Sampuli ya kulinganishia imekaa palepale inapotakiwa. Kisha tamvua: chini ya -50. Aisee, hapo uchovu nausahau kidogo, kazi ya macho yangu imo ndani ya namba hiyo, hata kama jina langu halitaonekana popote.

Kesho ni tope la baharini, natoa mafuta ya arkea (vijidudu vinavyofanana na bakteria) wanaokula methani pasipo oksijeni, hayo huweza kushuka hata chini ya -100.

Mteja kapiga tena kuuliza kama zake zimeingia. Hazijaingia, na hazitaingia mpaka alete orodha ya chupa.