Nembo za Mama

Mama alikuwa amekaa mkekani barazani kwetu Chikongola, Mtwara mjini, sahani ya mihogo ya kuchemsha mbele yake, na mimi nimeshika daftari la mjukuu wake wa darasa la tano. Ilikuwa mwanzoni mwa Machi 2021. Nikamuuliza, "Mama, nembo ya taifa ina nini?"

Hakujibu. Alipeleka mkono shavuni, akapitisha kidole juu ya mstari mmoja wa chale, taratibu, toka karibu na sikio hadi pembeni mwa mdomo.

"Nembo mimi nazijua hizi," alisema.

Wamakonde wanaziita dinembo. Ngozi inachanjwa kwa chuma, inapakwa mkaa, inaachwa ipone, na kama michoro haikukolea, fundi anarudia. Mama alichanjwa Mueda, uwanda wa juu kule ng'ambo ya Ruvuma, akiwa binti asiyefika miaka 14. Alilala siku kadhaa uso umevimba, analishwa uji na mama yake. Mwaka 1965 walivuka mto usiku, vita ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, na Mreno ikiwa imeanza Septemba ya mwaka uliotangulia, wakapelekwa makazi ya wakimbizi Rutamba, Lindi. Toka siku ile hajaishi nchi nyingine. Amebangua korosho, amelima, ametuzaa watano, amezika mume na watoto wawili katika udongo huu. Na hakuwa raia.

Hatukulifahamu hilo mpaka ulipokuja usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Kila mtu alitakiwa awe na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na mwisho ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Mama alipofika dirishani akaulizwa amezaliwa wapi. Akasema Mueda. Kijana aliyekuwa anaandika akaiweka kalamu chini, kwa adabu lakini akaiweka. Laini yake ikazimwa. Ndiyo laini pekee ambayo mdogo wake aliyebaki kule alikuwa na namba yake.

Ofisini walitueleza vizuri, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu mimi sikuelewa mara ya kwanza. Mwanamke aliyeolewa na raia anaweza kuomba uraia kupitia kwa mumewe, ila aombe mume akiwa hai. Baba, mtu wa Newala, alifariki 1998, na ndoa yao ilikuwa ya kimila, haina cheti. Njia iliyobaki ilikuwa tajinisi ya ukaazi, yaani kuomba uraia kwa kuwa umeishi nchini: mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo awe ameishi humu isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, awe anakusudia kuendelea kuishi hapa.

"Saba tu?" mama aliuliza. Yeye alikuwa na 55.

Nina duka la steshenari. Natoa kopi, nachapa barua, najaza fomu za watu siku nzima, kwa hiyo fomu ya mama niliona ni kazi yangu. Tuliijaza Oktoba 2020. Sitausahau mwezi ule, maana ndio wapiganaji kutoka Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, walivuka wakashambulia Kitaya, kijiji cha Mtwara hii hii. Watu wa mpakani walikuwa wanakimbia na magodoro kichwani. Mjini, mtu akitaja Msumbiji, sauti zilishuka. Nilipofika mahali pa kuandika alikozaliwa, nikaacha wazi.

"Mama," nikamwambia, "Wamakonde wapo pande zote mbili. Newala wapo, Tandahimba wapo. Tukiandika Newala kwa baba, nani atajua?"

Nakumbuka feni ya duka ilivyokuwa inageuka. Mama alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mama yangu alinizalia Mueda na amelala Mueda. Nikisema Newala, nitakuwa nimezaliwa na nani?"

Nikaandika Mueda. Nilikuwa nimemwambia mama yangu mzazi aseme uongo mbele ya serikali, tena kwa kujiona nina akili. Nalieleza hili kwa sababu nimekutana na vijana wengi dukani wanaowashauri wazee wao hivyo hivyo, kwa mapenzi, kama mimi.

Barua ya mwenyekiti wa mtaa ilipatikana, ya mtendaji wa kata ikapatikana, tangazo likatoka gazetini: fulani anaomba uraia, na mwenye sababu ya kupinga apeleke kwa maandishi. Nilimsomea kwa sauti. Akaniomba nirudie pale pa kupinga. Baada ya hapo, kwa siku kama nne, alikuwa anawasalimia majirani mmoja mmoja kwa namna ambayo sikuizoea, anasimama, anangoja waitikie mpaka mwisho. Nadhani alikuwa anatafuta nani angeandika. Hakuna aliyeandika.

Tukaambiwa tukae tayari kwa usaili. Hapo ndipo daftari lilipoanza.

Nilimwandalia maswali kama mwalimu wa zamu, na nilikuwa mkali kuliko inavyofaa. Uhuru wa Tanganyika: 9 Desemba 1961. Mapinduzi ya Zanzibar: 12 Januari 1964. Muungano: 26 Aprili 1964. Azimio la Arusha: 5 Februari 1967. Tarehe zilimtesa. Yeye alihesabu kwa namna yake. Muungano ulikuwa "mwaka mmoja kabla hatujavuka". Azimio la Arusha lilimkuta Rutamba, na alichokumbuka ni mkutano mrefu, jua kali, na mtu mmoja aliyechota maji kwa kata akawagawia watu. Kifo cha Mwalimu, 14 Oktoba 1999, hakuhitaji kufundishwa. Alinitajia yeye, pamoja na kitenge alichokuwa amevaa. Nikimrudisha kwenye tarehe, anarudi. Nikimwambia hapana, si 1965, ni 1964, anatikisa kichwa na kuanza upya kutoka uhuru.

Waziri Mkuu hakumsumbua. "Majaliwa. Wa Ruangwa. Mtu wa kusini huyo." Rais tulikuwa tumeandika John Pombe Magufuli, ukurasa wa kwanza kabisa, kwa kalamu nyekundu.

Usiku wa tarehe 17 Machi tulikuwa tunaangalia televisheni kwa jirani. Makamu wa Rais, mama Samia, alitokea akatangaza kifo. Hakuna aliyenyanyuka kwa muda mrefu. Tarehe 19 akaapishwa yeye. Jioni ya siku hiyo nilifungua daftari nikaweka kalamu juu ya jina la Magufuli ili nilikate. Mama akanishika mkono.

"Usimkate marehemu. Andika chini yake."

Nikaandika chini yake: Samia Suluhu Hassan. Mama aliliangalia lile jina, yeye asiyesoma kwa haraka, akalifuata herufi kwa herufi. Pa Makamu wa Rais palibaki tupu hadi mwisho wa mwezi, alipoapishwa Philip Mpango.

Kabla mwezi haujaisha, tarehe 24 Machi, mji wa Palma, huko huko Cabo Delgado, ulishambuliwa. Palma si mbali na mto. Mdogo wake mama yuko Mueda, si Palma, lakini waliokimbia walikuwa wanaelekea kokote penye watu, Mueda ikiwemo. Tuliwapigia tuliowajua, simu hazikupita. Mama mwenyewe hakuwa na laini ya kupigiwa. Siku hizo mama alijifunza kwa bidii ambayo ilinitisha. Alfajiri nasikia chumbani: kijani ni ardhi na mimea, njano ni madini, nyeusi ni watu, bluu ni maji.

Katika mazoezi, hapo kwenye bluu ndipo alipokuwa ananikwamisha. Nilimfundisha: "Bluu ni maji ya bahari, maziwa na mito."

"Ruvuma nayo imo?"

"Mama, jibu ni bahari, maziwa na mito. Usiongeze."

"Ni mto lakini."

"Usiongeze, mama."

Swali lingine nilimuuliza mimi kwa sababu nilijua wataliuliza: yuko tayari kuukana uraia wake wa zamani? Nchi yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Alifikiri sana. Akaniuliza uraia huo aliupata lini. Nikaanza kujibu, nikakwama. Alivuka 1965. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Alipoondoka hapakuwa na nchi ya kumpa uraia, palikuwa na Mreno na askari wake, wale wale waliowafyatulia watu risasi Mueda tarehe 16 Juni 1960, mama akiwa mtoto mdogo, anasikia mlio toka shambani.

"Basi nitaukana," alisema. "Lakini wasiniambie niwakane watu."

Nilimwambia hakuna atakayemwambia hivyo. Sikuwa na hakika.

Usaili ukapangwa Aprili, asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimpigia pasi gauni, nikatoa kitenge kipya, na nikaweka mezani barakoa. Watu walikuwa wameanza kuzivaa tena maofisini. Nilimwambia ni kwa ajili ya ugonjwa, wazee wajilinde. Hilo lilikuwa kweli. Lakini barakoa ile ilikuwa kubwa, ya kitambaa cheusi, na niliichagua dukani kwa kuipima kwenye shavu langu, nikiangalia inafika wapi.

Mama aliivaa nyumbani bila neno. Kwenye bajaji aliivaa. Dereva akamwambia, "Shikamoo bibi," akaitikia kupitia kitambaa. Tulipofika, tukaketi kwenye benchi la nje, chini ya mwarobaini, bahasha ya vyeti na picha mapajani mwangu. Alipoitwa jina, alisimama, akaivua barakoa, akaikunja mara mbili, akanikabidhi.

"Nishikie," alisema. "Wapate kumfahamu wanayemuuliza."

Akaingia.

Nilikaa pale kama dakika 40. Mwarobaini ulikuwa unadondosha majani juu ya bahasha. Nilifungua daftari nikaanza kusoma maswali, nikijijibu mwenyewe, na nilipofika kwenye nembo ya taifa nikatambua kuwa sikumbuki kilichoko chini ya miguu ya yule bwana na bibi, mimi niliyekuwa nampigia mama yangu makelele. Karafuu na pamba. Ngao katikati yao, Mwenge, mlima Kilimanjaro, pembe za ndovu, na maneno Uhuru na Umoja. Barakoa nilikuwa nimeifinya mpaka imelowa jasho.

Alipotoka alikuwa anatembea polepole, mkono ukutani, kwa sababu ya magoti. Mfanyakazi mmoja wa kike alimsindikiza hadi mlangoni na kumwambia, "Haya mama, utaitwa." Cheti kilikuja, tena baada ya kungoja kwingi, na kiapo aliapa kwa sauti iliyosikika hadi nje. Lakini siku ile hatukujua lolote. Nilimwuliza kwenye bajaji walimuuliza nini.

"Waliuliza nyumbani ni wapi. Nikasema Chikongola." Akanyamaza kidogo. "Halafu mzee mmoja akauliza nembo ya taifa. Nikaitaja yote, na karafuu. Kisha akaniuliza na hizi za usoni ni za wapi."

"Ukasemaje?"

"Za Mueda. Nikamwonyesha huu wa juu alinichanja nani, na huu wa chini ulirudiwa mara ngapi. Akauliza kama ziliuma. Nikasema ziliuma."

Bajaji ikapita sokoni, watu wanapanga mafungu ya samaki. Mama aligeuka akanitazama, na nikajua kuna kitu amekifanya nilichomkataza.

"Kwenye bendera," alisema, "nikawaambia bluu ni maji ya bahari, maziwa na mito, na Ruvuma imo."

"Wakasema nini?"

"Hawakusema. Mmoja akaandika."