Siku moja maishani mwangu: dereva wa watalii Hollywood na mwanamke wa indiketa

Saa 11 alfajiri
Simu inalia, naizima haraka isiwaamshe wenzangu. Tunakaa wanne nyumba moja hapa Inglewood na sheria ndiyo hiyo. Chai ya tangawizi, mkate wa jana, sala, koti. Nje kuna wingu zito. Los Angeles wingu la namna hii watu hulitazama kama sisi tunavyotazama kupatwa kwa jua.

Saa 12 na nusu
Niko yadi. Kibasi changu ni cha abiria 13, cheupe, kimechoka kiti cha dereva tu. Naangalia oili, maji, upepo wa matairi. Kwenye taa za breki ndipo penye ufundi, maana ukiwa peke yako huwezi kukanyaga na kuangalia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo narudi kinyumenyume mpaka karibu na ukuta, nakanyaga, nageuza shingo. Ukuta ukiwa mwekundu pande zote mbili, kazi ianze. Leo upande wa kulia giza. Nimeshuka nikagonga taa kwa ubavu wa ngumi, kama tulivyozoea nyumbani. Imewaka.

Nyumbani ni Tanga, Ngamiani, nilikokuwa konda wa daladala miaka minne. Indiketa ya daladala letu ilikuwa mkono wangu. Dereva akitaka kukata kulia anasema "toa mkono", natoa nusu ya mwili dirishani, napunga, napiga bodi, tunaingia. Ndiyo maana siku niliposoma habari za Florence Lawrence nilicheka peke yangu.

Huyu alikuwa mwigizaji wa sinema bubu, zile za kabla filamu hazijaanza kusema. Alizaliwa mwaka 1886 huko Hamilton, Kanada, akaitwa Florence Bridgwood. Lawrence ni jina la jukwaani la mama yake, Charlotte, aliyekuwa na kikundi cha maigizo kilichozunguka mji hadi mji. Binti alipoanza kupata pesa za sinema alinunua gari, wakati wanawake wenye gari lao wakihesabika, na gari likamwingia kichwani. Karibu mwaka 1914 akabuni kifaa: unabonyeza kitufe, kibendera kinanyanyuka kwenye bampa la nyuma kuonyesha unakata upande gani. Akabuni na cha pili: ukikanyaga breki, kibao cha kuwaambia wa nyuma kuwa unasimama kinachomoza chenyewe. Yaani alimtoa konda dirishani! Ila hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu, hakuchukua, kwa hiyo hakupata kitu.

Saa 3 asubuhi
Hollywood Boulevard, mbele ya ukumbi wa sinema wa Chinese Theatre. Abiria tisa. Wanamalizia kupima miguu yao kwenye nyayo za waigizaji zilizobaki kwenye saruji, zikiwemo za Mary Pickford za mwaka 1927. Kila mtu anashangaa udogo wa kiatu chake.

Kati ya wale tisa kuna bibi mmoja wa buibui, amevalishwa juu yake jaketi la kiume la baridi, ameshikwa mkono na mwanawe. Nasikia akimwambia, "Hawa wanachungulia nini chini, kuna alodondosha pesa?" Moyo ukaruka.

"Shikamoo bibi," nikasema.

Akanitazama kwanza kofia, kisha viatu. "Marahaba mwanangu. Kumbe na huku mpo!"

Yeye wa Unguja, kaja kumtembelea mwanawe anayeishi Ohio. Nikamkalisha kiti cha mbele. Abiria mmoja alikuwa amekitaka kiti kile, akanuna. Na anune.

Saa 5 na robo
Makaburi ya Hollywood Forever, Santa Monica Boulevard. Ukuta wa nyuma wa makaburi ndio ukuta wa studio za Paramount, na tausi wanatembea juu ya majani kama wenye nyumba. Karatasi ya ofisi inanitaka niwapeleke kwa Rudolph Valentino, mwigizaji wa sinema bubu aliyefariki mwaka 1926, tupige picha, tuondoke. Amezikwa ndani ya jengo, ukutani, namba 1205. Marumaru yake ina alama za midomo yenye rangi, wanawake humbusu mpaka leo. Bibi aliangalia ile rangi, akaniangalia mimi, akasema "Astaghafirullah" polepole sana.

Baada ya hapo huwa naiba dakika kumi. Florence hayumo kwenye karatasi.

Jiwe lake ni dogo, limelala chini sawa na majani, usipolijua unalikanyaga. Hapo nasimama na kusimulia, Kiingereza kwa wote na Kiswahili kwa bibi, kipande kwa kipande.

Mwaka 1907 alikuwa kampuni ya filamu ya Vitagraph kwa dola 20 kwa wiki, na ndani ya hizo alishona na nguo za waigizaji. Mwaka uliofuata akahamia kampuni ya Biograph, chini ya mwongozaji D. W. Griffith, kwa dola 25. Akatoa picha baada ya picha, fupifupi, za kumalizika kwa siku chache. Watu wakamjua kwa sura. Jina hawakulijua, kwa sababu kampuni haikuandika majina ya waigizaji. Mwigizaji akijulikana kwa jina atadai mshahara mkubwa, ndiyo hesabu yenyewe. Barua zilikuja zikimwita "Msichana wa Biograph", basi. Alipoondoka, Pickford aliyeingia baada yake akarithi na msemo huo, kama shati la kazini.

Carl Laemmle, mwenye kampuni nyingine ya filamu, ndiye aliyemchukua na kumtangaza kwa jina, lakini kwa ujanja wa sokoni. Mwaka 1910 zilivuma habari kwamba amegongwa na tramu New York akafa. Inasimuliwa kuwa Laemmle mwenyewe ndiye aliyezivumisha. Mwezi Machi akalipia tangazo la kukanusha uongo huo, kisha akampeleka St. Louis aonekane mzima kwa macho. Umati ukafurika.

"Wamemuua ndipo wakamtaja," bibi akasema.

Nikamwambia ndiyo hivyo. Baadaye ukaja moto studioni, akaungua na kuumia mgongo. Aliporudi, watu walishahamia kwa wengine. Kuanzia mwaka 1936 alikuwa studio ya MGM akipewa visehemu vidogo, dola 75 kwa wiki, na jina lake haliandikwi tena. Disemba 1938 alijitoa uhai. Akazikwa hapa bila jiwe mpaka mwaka 1991, miaka 53, alipotokea mwigizaji mmoja Mwingereza akalipia. Naye akaomba asitajwe. Jiwe linasema: Msichana wa Biograph, Nyota wa Kwanza wa Sinema.

Bibi akainama kidogo, akaliangalia. Akasema, "Mwanangu, kaburi kutoandikwa si kitu. Kwetu Unguja marehemu mume wangu hana jiwe, na mimi nafika nimefumba macho. Huyu alikuwa na watu?"

Mimi hadithi hii naisimulia mwaka wa tatu, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamjibu nilichonacho: mama yake alitangulia mwaka 1929. Mume wa kwanza, Harry Solter, aliyekuwa akimwongoza kwenye filamu zake nyingi, alifariki mwaka 1920. Ndoa zilizofuata hazikukaa.

"Basi ndipo hapo," akasema, akanipa mkono nimsaidie kurudi garini.

Saa 8 mchana
Mvua. Nala wali na maharage ndani ya gari, kontena mapajani. Waipa ya kushoto imekauka kwa jua la miezi, inalia kama paka na kuacha mchirizi usoni pangu hasa. Mama Charlotte naye alikuwa fundi: mwaka 1917 alipata hataza ya waipa ya umeme, na yeye pia hakuambulia utajiri. Mtu na binti yake, mmoja nyuma ya gari, mmoja mbele.

Saa 9 hadi saa 12 jioni
Safari ya pili. Abiria wanne waliolowa, wanataka kuona nyumba za watu maarufu, wameona mageti. Makaburini nimepita bila kusimama.

Saa 2 usiku
Maoni ya wateja yameingia kwenye simu. Mmoja kaweka nyota tatu: dereva anaendesha vizuri ila alipoteza muda kwenye kaburi la mtu asiyejulikana. Bosi kaniandikia chini yake, "Fuata karatasi."

Nimeagiza waipa mpya, dola 18. Kesho abiria ni 11, na taa ya kulia nitaipeleka kwa fundi kabla ya yote.