Pampu ya Mvuvi wa Dunga

Nilikuwa atachimenti kwenye karakana moja ya vifaa vya umeme Kisumu, si mbali na soko la Kibuye, mvuvi wa Dunga alipotuletea pampu ya volti 12 ya kutoa maji kwenye boti. Kwingine alishaambiwa mota imekufa, anunue nyingine. Mzee aliyenisimamia alimuuliza swali moja tu: "Nyaya zake ziko wapi, omera?" Zilibaki kwenye boti. Akamwomba akazilete.

Huku nyuma tukaitumbukiza pampu kwenye beseni la maji, maana haifai kuzungushwa kavu. "Usifunge kitu kabla pawasaplai haijajua mwisho wake," mzee akaniambia, akimaanisha ile mashine ya mezani inayotupa umeme wa kujaribia vifaa. Nikaweka volti 12, nikashusha kitufe cha ampia, yaani wingi wa umeme unaopita, hadi karibu na sifuri, nikaunganisha terminali zake za kufungia nyaya, nyekundu na nyeusi, kwa kipande cha waya mnene, nikawasha na kupandisha taratibu hadi 5. Shoti ya makusudi namna hiyo humtisha mgeni, lakini hapo ndipo kikomo kinapoonekana kikifanya kazi: ampia hazivuki pale ulipoziwekea, volti zinashuka zenyewe. Nikazima, nikakitoa kile kipande.

Terminali ya kijani hatukuigusa. Wengi huidhania ni hasi, kumbe ni ya ardhi, imeungana na bodi ya mashine. Hasi ni nyeusi.

Ncha za waya tulizisokota vizuri, kusichomoze uzi hata mmoja wa shaba, kwa sababu uzi huo ukigusa terminali ya jirani tayari ni shoti. Mzee akafunga daiodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na mota, upande wenye mstari kwenye chanya, kwa kuwa umeme unapokatwa koili ya mota hutema volti kali kurudi kwenye mashine.

Nikawasha. Taa ya kikomo ikawaka kidogo, kwani mota hula ampia nyingi inapoanza, halafu ikazimika. Ampia 4, na maji yakaruka hadi nje ya beseni. Pampu ilikuwa nzima!

Mvuvi akarudi na nyaya zake: nyembamba, za spika, mita 3 kwenda na 3 kurudi. Nikazima kwanza, tukazifunga, nikawasha. Sasa maji yakapungua nguvu, ilhali pawasaplai bado inasoma 12.0. Mzee akashika multimita, akagusisha ncha zake kwenye miguu ya pampu: 10.5. Volti moja na nusu zilikuwa zinaishia njiani na kugeuka joto. Nilipoushika mkunjo wa zile nyaya ulikuwa na uvuguvugu. Tangu siku ile siuamini usomaji wa mashine peke yake. Napima kwenye mzigo, yaani pale pale kwenye kifaa kinachotumia umeme.

"Kwa hivyo mota nisinunue?" mvuvi akauliza, bado haamini.

"Nunua waya, baba. Mili mbili na nusu, mnene kuliko huu, nyekundu na nyeusi."

Akaenda dukani, akarudi nao. Kwa urefu uleule tukapata 11.8 kwenye pampu. Alipokuwa akifunga mzigo wake mzee akamwita tena, akamtaka aweke fyuzi karibu kabisa na betri, kwa sababu betri ya boti haina kitufe cha ampia, na nyaya zikipiga shoti huko ziwani hakuna kitakachozuia umeme.