Kofia ya Jino la Mwalimu

Mwaka 2013, kwenye kliniki yetu ya meno mjini Arusha, alikuja mwalimu mstaafu aliyekulia Usa River. Gego lake dogo la juu kulia lilikuwa limeshatibiwa mzizi, yaani kiini chake, nyama laini ya ndani yenye neva, kimetolewa, na kuzibwa kwa muda. Jino la namna hiyo kwa kawaida haliumi, lakini limebaki na kuta nyembamba. Likikutana na mfupa au muwa linaweza kupasuka hadi chini ya ufizi, na hapo kwa kawaida kinachobaki ni kung'oa. Lilitakiwa kuvalishwa kofia, gamba gumu linalolifunika jino lote.

"Mwanangu, niwekee jeupe kabisa," alisema. "Haya ya kahawia yamenichosha."

Kati ya kazi yote iliyofuata, rangi ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji, na vyanzo vingi vya kuzunguka Mlima Meru vinapita kiwango hicho mbali. Floraidi ikizidi huacha madoa ya kahawia, nayo huingia utotoni, jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya, ndiyo maana mswaki hauyafuti. Kofia moja nyeupe pe katikati ya meno hayo huonekana toka ng'ambo ya barabara. Tena kauri inayofunika kofia haikubali dawa ya kung'arisha: anayetaka kung'arisha meno mengine ayang'arishe kwanza, kofia ichaguliwe baadaye. Mwalimu alijitazama kwenye kioo kwa muda. "Basi lifanane na wenzake."

Rangi ilichaguliwa kabla ya kugusa mashine, karibu na dirisha, meno yakiwa na mate. Jino likikauka kwa dakika chache tu huwa jeupe kuliko lilivyo, na anayepima wakati huo hudanganyika. Kipimo cha kawaida cha rangi ya meno kina rangi 16, kuanzia A1 hadi D4, na hakuna hata moja yenye madoa. Tulichukua A3.5, tukachora ramani ya madoa ya meno ya jirani, tukapiga picha kipimo kikiwa kimeshikwa kando ya jino. Fundi wa maabara hupaka madoa juu ya kauri na kuichoma tena. Asipopewa picha atabahatisha.

Sindano ya ganzi ilichomwa hata kama jino halikuwa na kiini, kwa sababu ufizi uko hai. Kizibo cha muda kilitolewa, kikajengwa cha kudumu, na tukahakikisha inabaki milimita 2 ya jino lenyewe kuzunguka pande zote juu ya ukingo wa kofia. Bila hiyo, kofia huning'inia kwenye kizibo na siku moja hutoka nacho. Upande wa kutafunia tulipunguza jino milimita 2, upande wa shavu 1.5. Kofia ya chuma iliyofunikwa kauri ina tabaka tatu: chuma, rangi ya kukificha, kisha kauri. Ukikata kidogo, fundi atatengeneza jino nene, au ile rangi ya kuficha itachungulia. Kuta huinamishwa kidogo tu. Zikichongoka sana, simenti ya kubandikia kofia haina cha kushikilia.

Uzi mwembamba ulisukumwa kati ya ufizi na jino ili ukingo uonekane, ukaachwa dakika chache, ndipo alama ya umbo la jino ikachukuliwa kwa silikoni, ili fundi atengenezee kofia juu yake. Adui hapa ni mate na damu: kipovu kimoja kwenye ukingo, kazi inarudiwa.

Aliondoka na kofia ya muda ya plastiki na maagizo: asile kashata wala kutafuna chingamu upande huo, na uzi wa kusafishia meno auvute kwa pembeni, asiuvute kwenda chini. Ikitoka arudi upesi. Ilitoka, akaitia mfukoni, akasubiri siku ya miadi. Gego la nyuma lilikuwa limeshaegemea pengo kidogo, na kofia mpya ikagoma kukaa. Kwa karatasi ya rangi, inayoacha doa panapogusana, tulitafuta ilipobana, tukasugua kauri kidogo kidogo hadi uzi ukapita kwa kukaza bila kukatika. Alitazama rangi dirishani kabla ya kubandikwa, maana baada ya hapo kuibadilisha ni kukata kofia yote. Simenti iliyovuja ilikwanguliwa yote. Punje ikibaki chini ya ufizi, ufizi huvimba. Akaambiwa atafunie kushoto kwa saa 24.

Siku chache baadaye alirudi. "Daktari, uliniambia jino limekufa. Mbona nikiuma linaniuma?"

Kilichokufa ni kiini. Nyuzi zinazoushika mzizi kwenye mfupa ziko hai, na kofia ikizidi urefu hata kwa unene wa karatasi, zenyewe ndizo hupigwa kila anapofunga mdomo. Siku ya kubandika, ganzi ilikuwa bado inamzuia kuuma sawasawa. Karatasi ya rangi ilionyesha doa moja zito kwenye mteremko wa ndani. Tulilisugua, tukamaliza kwa gurudumu la mpira la kulainishia, kwa sababu kauri yenye mikwaruzo hulila jino la chini linalokutana nayo.