Jumong vipande 81 na mama yangu, bila kuruka hata kimoja

Tumemaliza! Mimi na mama, tamthilia ya Kikorea ya Jumong yote, vipande 81, kila kimoja karibu saa nzima, kwa wiki sita na siku kadhaa. Mama hajui Kiingereza, na flashi yangu ilikuwa na maandishi ya Kiingereza tu.

Kijana aliyenijazia, kwa elfu nne au tano hivi, aliniambia, "Dada, anzia cha ishirini, huko mwanzo hakuna vita, maneno tu." Nikamsikiliza. Usinisikie nikimsamehe! Usiku huohuo Jumong anamlilia Haemosu, sisi tumekaa kama watu walioingia msibani bila kumjua marehemu. Mama akauliza, "Huyo Haemosu ndiye nani?" Sikuwa na jibu. Akakusanya khanga yake akaenda kulala.

Kesho yake tukarudi cha kwanza, na utamu wote uko huko. Jumong ni mwanamfalme mwoga, anayenyanyaswa na ndugu zake Daeso na Youngpo, anafundishwa upanga na Haemosu, kipofu aliyefungwa miaka 20 kwenye gereza la pangoni. Ni baba na mwana, na hawajuani. Sisi tunajua! Mama alikuwa akiinuka kwenye mkeka anaiambia televisheni, "Baba'ako huyo, mwanangu, baba'ako!"

Kutafsiri ndiko kulikonipa kazi. Siku za mwanzo nilifuata kila neno, ikawa vurugu: sijamaliza sentensi, mtu kashachomwa upanga. Basi nikabuni njia yangu. Mama akilala, natangulia vipande viwili peke yangu, nimeweka spika masikioni, naandika kwenye daftari. Jioni tukikaa, nasema sentensi moja kabla watu hawajaanza kuongea: "Sasa anamwomba mfalme Geumwa ruhusa ya kuondoka." Kisha nanyamaza kabisa. Mama anasikia kilio chenyewe, sauti zao wenyewe, na haelewi kidogo, anaelewa sana. Chakula pika mapema, maana ukisimamisha katikati kwa ajili ya ugali, uzi unakatika.

Fundi Mo Pal-mo sikumtafsiria hata neno. Panga zake zinavunjika zikigongana na chuma cha Han, dola ya Wachina, anarudi tanuruni, zinavunjika, anarudi tena. Mama anatikisa kichwa: "Hachoki huyu."

Lakini wa mama ni So Seo-no, binti wa misafara ya biashara. Mama ameuza dagaa sokoni miaka mingi, anamjua mwanamke anayehesabu mali huku ana uchungu moyoni. Kama hujafika mwisho, usisome hapa. So Seo-no anauacha ufalme wa Goguryeo alioujenga pamoja na Jumong, anaelekea kusini na wanawe Biryu na Onjo. Daftari langu lilikuwa na sentensi tayari. Sikuisema. Mama alikuwa ameshashika mdomo kwa khanga.

"Rudisha nyuma," akasema. Nikarudisha mara tatu.